Mbwa wangu anadungwa EDTA ya sumu ya betri. Hiyo dawa inatoka aje mwilini na figo zake zitahimili?

mama_bosco · Jumanne, saa 3:40 usiku

Habari zenu wadau, posti ni ndefu mnisamehe ju sijalala vizuri tangu Ijumaa. Nina mbwa anaitwa Bosco, mchanganyiko wa jerimani shepadi na hawa wetu wa mtaa, ana miaka 9, kilo 22, tunaishi Kayole. Alianza kutapika, chakula hataki, ukimshika tumbo analia, tukadhani ni minyoo tukampa dawa ya agrovet. Ijumaa akaanguka akatetemeka mwili wote mate yanamtoka nikajua basi huyu ameenda. Jirani akatubeba na Probox yake mpaka kwa daktari, eksirei ikaonyesha vipande vinang'aa ndani ya tumbo kama vidonge vya bati, na damu ikatoka ledi, yaani ile madini ya risasi, maikrogramu 62 kwa desilita. Kumbe kwa ploti ya nyuma kuna fundi anavunja betri za gari anatoa zile bamba za ndani anayeyusha, na Bosco ako na shimo lake la fensi anapitia kila siku kama mtu ameandikwa huko.

Wamempasua wametoa vipande. Sai anadungwa sindano chini ya ngozi mara nne kwa siku, ni EDTA ya kalsiamu, siku tano, na dripu juu yake. Daktari alisema tu "hii inashika ledi inatoka nayo kwa mkojo" halafu akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Sasa mimi nabaki na maswali. Figo inajuaje hii ni dawa iko na sumu iitoe na isitoe vitu vingine vizuri? Mbona kila asubuhi wanampima figo tena, si dawa ndio inasaidia? Na hiki kitu cha mwisho msinicheke, nilirudi nyumbani nikatafuta hilo jina nikalipata nyuma ya chupa ya mayonezi yetu, kalsiamu disodiamu EDTA, herufi kwa herufi. Kwani nimekuwa nikila dawa ya mbwa?

mzee_wa_miti · Jumanne, saa 4:15 usiku

Pole mama. Figo ni chujio tu usitishike. Mpe maji mengi, mengi kabisa, ukiweza chemsha na majani ya mpera kidogo. Akikojoa sana sumu inatoka mbio. Hizi sindano za laki moja ni biashara ya madaktari.

daktari_wa_kwato · Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Mama Bosco pole sana. Mimi ni daktari wa mifugo, nilisomea Kabete miaka mingi imepita. Sijamwona huyo mgonjwa kwa hivyo dozi sigusi, hiyo mwachie aliyemshika mkononi. Lakini swali lako la kwanza ni zuri kuliko unavyofikiri, ju karibu kila mtu ana hiyo picha ya figo kama askari wa geti anayekagua nani ni mbaya atolewe. Haifanyi hivyo. Figo haimtafuti mtu. Inafanya vile unafanya ukitafuta funguo kwa kiondo: unamwaga vyote mezani, unarudisha vyako kimoja kimoja, na ile isiyokuwa na maana unaiacha pale pale. Iliyoachwa ndio mkojo.

Kumwaga kunafanyika kwa vishada vidogo vya mishipa vinaitwa glomeruli, mbwa ana kama laki nne kwa kila figo. Ukuta wake uko na vitundu. Seli za damu hazipiti, albumini ile protini kubwa ya damu haipiti, lakini maji na chumvi na sukari na urea zinapita zote bila kuulizwa. EDTA ni molekuli ndogo sana, albumini ni nzito kuishinda kama mara 200, na haijishikilii kwa protini za damu, kwa hivyo inapita na maji kama vile haikuwa na kizuizi.

Sasa iko ndani ya mrija unaofuata kishada (kishada na mrija wake ndio nefroni) na hapo ndio kurudisha kunaanza. Sukari iko na mlango wake inarudi yote. Sodiamu iko na mlango. Maji yanarudi karibu asilimia 99. EDTA haina mlango. Iko na chaji, na ukuta wa seli ni mafuta, vitu vyenye chaji na mafuta havielewani, basi inabaki imekwama kwa mrija, maji yanazidi kupungua yenyewe inazidi kukolea mpaka inafika kibofu. Na ini haliigusi. Haivunjwi vunjwi kama dawa zingine. Vile iliingia ndivyo inatoka, kilichobadilika ni abiria peke yake: iliingia imebeba kalsiamu, inatoka imebeba ledi.

Mbona iache kalsiamu ichukue ledi? Hiyo ni nguvu ya kushika. EDTA inashika chuma kwa sehemu sita, naitrojeni mbili na oksijeni nne, kama gando la kaa, na hata jina la kikundi cha dawa hizi lilitoka kwa neno la Kigiriki la gando. Ledi inashikwa kwa nguvu zaidi ya kalsiamu kwa mara zaidi ya milioni kumi. Kwa hivyo wakikutana kwa damu, kalsiamu inashushwa.

Tupige hesabu ya Bosco, napenda hesabu. Figo za mbwa mwenye afya zinachuja kama mililita tatu na nusu kwa dakika kwa kila kilo. Kilo 22, hiyo ni kama mililita 77 kwa dakika, kwa siku ni lita 110. Mitungi mitano na nusu ya lita ishirini! Kutoka kwa mnyama unambeba kwa mapaja. EDTA haiingii ndani ya seli, inazunguka kwa yale maji ya nje ya seli tu, na kwa Bosco hayo ni kama lita tano. Figo zinachuja zaidi ya lita nne na nusu kila saa, basi ndani ya dakika 45 hivi nusu ya dawa iliyofika kwa damu imeenda, baada ya masaa manne au matano karibu imeisha. Ndio maana anadungwa mara nne kwa siku. Daktari si kwamba anatafuta pesa.

Mzee wa miti, heshima yako, lakini hapo kwa maji umekosea kidogo na kosa hilo ni la maana. Kukojoa sana hakuharakishi EDTA kutoka. Kasi yake inaamuliwa na kiasi kinachochujwa pale juu kwa glomeruli, si na wingi wa mkojo huku chini, akikojoa glasi moja au ndoo ni ile ile. Dripu iko hapo kwa sababu nyingine mbili: mbwa aliyekuwa anatapika amekauka, na figo iliyokauka inapata damu kidogo inachuja kidogo. Ya pili ni kwamba zile seli za mwanzo wa mrija zinaonjaonja kile kinachopita, zinameza kidogo kidogo, na dawa ikiwa imekolea sana zinajaa mapovu zinaumia. Ukisimamisha mapema huwa zinapona. Ndio maana siku tano halafu mapumziko, na ndio maana anapimwa figo kila asubuhi. Dawa inasaidia, ndiyo, na inapita kwa mlango ule ule ambao inaweza kuubomoa.

Mayonezi: ni kitu kile kile kweli, wanaweka kidogo sana ili mafuta yasiharibike haraka. Ukila, chini ya asilimia 5 ndio inaingia kwa damu, nyingine inapita na choo. Usijaribu kumpa Bosco mayonezi kama tiba, najua kuna mtu ataandika hivyo hapa. Na kama ledi bado iko tumboni EDTA inaweza hata kusaidia ledi kuingia mwilini, ndio maana walitoa vipande kwanza.

mzee_wa_miti · Jumatano, saa 1:30 asubuhi

Sawa daktari nimesikia. Lakini majani ya mpera hayajaua mtu.

zambarau254 · Jumatano, saa 7:05 mchana

Mimi niko maabara, daktari amemaliza mengi nitaongeza yangu mawili matatu.

Mama Bosco ukiona wanatoa damu, ile chupa ya kifuniko cha zambarau iko na EDTA ndani, ndio inafanya damu isigande, inashika kalsiamu yote na bila kalsiamu damu haigandi. Sasa hapo ndio uone mbona huyo daktari wako amesema EDTA *ya kalsiamu*. Kuna nyingine ya sodiamu peke yake, majina yanafanana hadi mtu aliyechoka anaweza kuchukua ya pili, na ukimdunga mgonjwa hiyo inafanya kwa mishipa yake vile inafanya kwa chupa yangu, inafyonza kalsiamu ya damu na moyo unasimama. Marekani waliripoti vifo hivyo vya watu, 2003 hadi 2005, na wawili walikuwa watoto. Kwa hivyo wewe kama mwenye mbwa kusoma lebo ya chupa si kumkosea mtu heshima.

Pili hio kipimo cha figo. Wanapima kreatinini, takataka ya misuli, na ni kipimo kizuri hapa ju yenyewe inapita njia ile ile ya EDTA, inachujwa pale juu na kwa mbwa hairudi wala haiongezwi njiani. Kwa hivyo ikianza kupanda ujue hata dawa imeanza kuchelewa kutoka, na ikichelewa inazidi kuonjwa na zile seli. Shida ya kreatinini ni moja, ni mvivu. Inaweza kukaa ndani ya kiwango mpaka karibu robo tatu ya nefroni zimeenda. Mbwa wa miaka 9 anaweza kuja amepoteza nusu na karatasi yangu inasema sawa. Kwa hivyo msiangalie namba moja, angalieni inaelekea wapi. Na waulize kama walipima uzito wa mkojo, yaani umekolea kiasi gani, KABLA ya dripu, ju baada ya dripu kila mbwa mkojo wake ni maji tu huwezi jua kama ni dripu au ni figo imeshindwa kukoleza.

Na kitu cha kupendeza, hii EDTA ikishikishwa kromiamu yenye mnururisho ilitumika miaka mingi yenyewe kupima figo. 1966 Stacy na Thorburn waliifanya kwa kondoo, unadunga kiasi unajua, unatoa damu mara kadhaa, unaangalia inapungua kwa kasi gani, hiyo kasi ndio uchujaji wa figo. Ilifaa ju haina lingine la kufanya mwilini ila kuchujwa.

mama_bosco · Jumatano, saa 2:20 usiku

Aki asanteni, nimesoma mara tatu na bwanangu nimemsomea kwa sauti ile ya mitungi mitano akakataa kabisa akasema huyo daktari ananitania.

Nimeenda leo nimeuliza zile karatasi zote. Kreatinini Jumamosi 118, Jumapili 121, Jumatatu 126, leo 139. Wanasema juu ya karatasi mwisho ni 125. Mkojo walipima kabla ya dripu, 1.022. Hii ni mbaya? Mnieleze ukweli tu.

daktari_wa_kwato · Jumatano, saa 3:00 usiku

Ukweli: si vizuri na si kilio. Mbwa aliyekauka mwenye figo nzima, mkojo wake ungekuwa umekolea zaidi ya 1.030. Alikuja na 1.022 wakati mwili unatafuta kila tone la maji, hiyo inaniambia figo zilikuwa zimechoka kabla hata ya sindano ya kwanza, iwe ni uzee, iwe ni ledi, maana ledi yenyewe inaumiza zile zile seli za mwanzo wa mrija. Sasa juu ya figo zilizochoka kumekuja dawa. Kutoka 118 hadi 139 kwa siku tano ni kupanda, na nisingependa kudunga ya kesho asubuhi kabla mtu mkubwa hapo hajaangalia hizo namba nne zikiwa zimepangwa mstari mmoja. Mpigie simu leo. Usimwambie umetoa kwa mtandao, mwambie tu umeona namba zinapanda unauliza kama dozi inapungua au inasimama.

ng_ombe_ruai · Alhamisi, saa 4:10 asubuhi

Nimepita tu. Daktari 2019 nilipoteza ndama wawili huku Ruai, mmoja alikuwa kipofu ghafla anasaga meno anasukuma ukuta na kichwa siku nzima, mwingine nilimkuta amekufa. Kulikuwa na betri ya trekta imevunjika nyuma ya zizi. Hakuna mtu aliniambia kuna dawa. Wangepona?

daktari_wa_kwato · Alhamisi, saa 7:45 mchana

Pole. Yule aliyekuwa anasukuma ukuta, pengine, kama angepatikana mapema. Lakini ng'ombe si mbwa. Figo hazina shida, EDTA inatoka kwa ng'ombe kwa njia ile ile, na figo zake ni kubwa, zile umeona kwa bucha ziko na vinundu kama fungu la zabibu. Shida iko kwa tumbo. Bamba za betri ni nzito, zinazama kwa tumbo la pili lile liko kama sega la nyuki, zinakaa hapo zinayeyuka polepole miezi na miezi. Wewe unadunga, figo inatoa ledi ya leo, kesho tumbo limetia nyingine. Ni kupiga deki na bomba limepasuka.

Na nikuombe kitu, si kwako peke yako. Ng'ombe akifa hivyo au akichinjwa akiwa mgonjwa, asiende bucha. Ini na figo ndio zinabeba ledi nyingi katika nyama laini, na hizo ndio mtu ananunulia mama aliyejifungua.

mama_bosco · Jumapili, saa 1:15 usiku

Narudi na habari. Nilipiga simu ile Jumatano usiku. Walisimamisha sindano mbili za mwisho, wakaacha dripu. Kreatinini Ijumaa 141, jana 133, leo 127. Anakula! Amekula ugali na matumbo na amembwekea mtu wa gesi. Ledi kwa damu imeshuka kutoka 62 hadi 24.

Swali lingine, bwanangu anauliza tumuulize daktari, kama imetoka mbona wanasema atapimwa tena wiki mbili zijazo na inaweza kuwa imepanda? Na tukimleta nyumbani anakojoa hapo kwa ploti, si ndio anatoa ledi yote pale watoto wanacheza?

zambarau254 · Jumapili, saa 2:05 usiku

Ya kupanda nitajibu mimi. Ledi inajifanya kalsiamu, inaenda kukaa kwa mifupa. EDTA inasafisha inayozunguka na kidogo ya mifupani, ukisimamisha mifupa inaanza kurudisha kwa damu. Ikipanda kutoka 24 hadi 30 usilie si kwamba amekula nyingine. Ikirudi 50 hapo uende ukaangalie shimo la fensi.

daktari_wa_kwato · Jumapili, saa 2:40 usiku

Mkojo: ledi iliyo ndani ni kidogo. Mwagia maji, nawa mikono, yatosha. Na sindano zimesimama Jumatano, hesabu masaa, dawa yenyewe imeshaisha mwilini.

Lakini umesema watoto. Umesema pale wanacheza. Wa miaka mingapi, na hiyo fensi ya fundi iko umbali gani na mahali wanachezea? Bosco alikula vipande kwa mdomo, ndiyo, lakini mtu anayeyusha bamba za betri hapo nyuma, ule moshi na lile vumbi halijui fensi. Mtoto mdogo anaweka mkono mdomoni siku nzima na tumbo lake linafyonza ledi zaidi ya la mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema damu ya mtoto ikifika 5 tu chanzo kitafutwe. Tano, si sitini na mbili.

fensi_na_jirani · Jumapili, saa 3:10 usiku

Daktari amesema nilichokuwa nataka kusema. Mimi kwetu ni Mombasa, ule mtaa wa Owino Uhuru sote tunaujua, ulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, watu walianza kusema watoto ni wagonjwa miaka kabla mtu asikize, na mahakama ikaja kuamua walipwe bilioni 1.3 mwaka wa 2020. Fundi wako si kiwanda, anatafuta unga kama sisi. Lakini enda uongee naye na umwambie apime wake pia.

mama_bosco · Jumanne, saa 2:50 usiku

Wa kwangu ana miaka 3 na miezi. Fensi ni hatua kama kumi kutoka kwa kamba ya nguo.

Nimempeleka jana, wametoa damu, ilikuwa kifuniko cha zambarau nikakumbuka. Majibu wanasema Alhamisi. Fundi nimeongea naye, hakuwa mkali, alikaa kimya halafu akaniuliza hiyo kipimo ni pesa ngapi ju ako na wawili. Tumeziba shimo na mabati, Bosco amekaa hapo mbele yake tangu asubuhi analiangalia.

zambarau254 · Jumanne, saa 3:05 usiku

Alhamisi uandike hapa, hata kama ni usiku.